MASHINI INAYOJITAZAMA YENYEWE

Safari hii tunasoma juu ya kompyuta, ile wengi wetu tunaita ordinatere. Ulizo letu ni hili: kama kazi haiwezi kusimama hata dakika moja, tutabadilisha mashini namna gani?

1. Mfano wa kengele

Tuwaze wapiga kengele wawili. Wa kwanza anashika saa kichwani tu. Saa za masomo zikibadilika, yeye hajui, mpaka tuweke mwingine. Wa pili iko na karatasi. Humo kuna saa za kengele, na vile vile anaandika namna yeye mwenyewe alivyopiga: "Leo nimechelewa." Anaona kosa lake, anasahihisha karatasi, na kesho anapiga sawasawa na karatasi. Lakini kama karatasi inasema hivi na mkono unafanya vile, karatasi haina faida.

2. Mafundisho ya wataalamu

Kompyuta yenye kujitazama inashika ndani yake picha ya programu yake yenyewe. Brian Cantwell Smith aliandika juu ya jambo hili huko MIT, Marekani, mwaka 1982. Pattie Maes alilifuata huko Brussels, Ubelgiji, mwaka 1987. Sharti ni kwamba picha na kazi zifungwe pamoja: ukibadilisha picha, kazi inabadilika, kazi ikibadilika, picha nayo.

3. Hapa kwetu Kolwezi

Tangu 1982 umeme wa Inga unafika hapa kwa waya wa kilometa karibu 1,700. Njiani unakwenda upande mmoja tu; kituo cha Kolwezi kinaugeuza kuwa umeme wa kwenda na kurudi, ule migodi inatumia. Katika vituo vya namna hii mashini za uongozi zinapima umeme na kuusahihisha upesi sana. Tena zinapima vipande vya kituo chenyewe: kimoja kikiharibika, zinatoa habari, na vya akiba vinaendelea. Huko ni kujitazama kidogo. Lakini kanuni zao, mafundi njo wanazibadilisha.

4. Kubadilika pasipo kusimama

Kwa Ericsson, huko Uswidi, Joe Armstrong na wenzake walianza mwaka 1986 kazi iliyozaa Erlang, lugha ya kuandikia programu za simu. Programu mpya inaweza kuingia wakati watu wanazungumza. Kazi iliyoanza na ya zamani inamalizika nayo. Inayoanza sasa inashika mpya.

5. Hatari

Mashini yenye ruhusa ya kubadilisha kanuni zake inaweza kuzibadilisha vibaya pia. Katika kituo cha umeme, kosa moja linaweza kuzima pampu za maji katika mgodi, na watu wako chini. Basi tunasema: ishike nakala ya kanuni za zamani, ipate kurudi. Ijaribu mpya kwanza katika sehemu ndogo. Tena kanuni za kulinda maisha, isiziguse pasipo mtu kukubali.

Maulizo

1. Mpiga kengele wa pili anamshinda wa kwanza kwa nini?
2. Kupima umeme na kujipima mwenyewe, tofauti ni gani?
3. Wewe ungekataza mashini kubadilisha kanuni gani? Toa sababu.