Mikono Unayomficha Baba

Shangazi,
Niko kidato cha 5, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Jioni nasoma ufundi umeme katika chuo kimoja karibu na Nakivubo; ada naitafuta mwenyewe kwa vibarua. Tukitoka, ovaroli naiacha kwa rafiki anayeuza viatu, nanawa mpaka kwenye viwiko, ndipo naingia soko la Owino kumsaidia baba kufunga banda la mitumba. Yeye huwaambia wateja, "Huyu ndiye daktari wetu." Siku hizi nasinzia darasani. Nigawe vipi muda? Au niache chuo mpaka nimalize shule?
Msomaji, Kampala

Mwanangu,
Ratiba haina maneno mengi: punguza siku za chuo, lala mapema, na mtihani wako wa mwisho, UACE, ukikaribia weka koleo chini.

Sasa tuzungumzie hayo maji ya kunawia. Kijana aliyetoka kazini hunawa viganja akala. Wewe unasugua mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayefuta ushahidi. Umeiba nini? Ada umeitolea jasho, ufundi ni halali. Kinachokuchosha si masomo mawili, ni maisha mawili.

Na hapa sikuonei haya. Baba yako anaishi kwa mikono. Anakata kamba za robota, anachambua shati moja moja, hili la daraja la kwanza, hili limepasuka kwapa, vumbi likimkaa kooni. Karo yako yote ya shule imepita katika vidole hivyo. Leo unaona aibu kumwonyesha mikono inayofanana na yake?

Huenda kosa si lako peke yako. Wazazi wengi wa sokoni husema, "Sitaki mwanangu ateseke kama mimi." Nia ni njema, lakini mtoto akilisikia neno hilo tangu utotoni, huamini kwamba kazi ya baba yake ni adhabu. Anayedharau ufundi ilhali anakula kwa mikono yake anajidharau mwenyewe, na wa kumwambia hivyo kwa adabu ni mwanawe.

Mwambie baba pia kwamba cheti cha ufundi hakifuti cha shule. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulifungua mlango kwa mwanafunzi kupimwa ufundi, wakati huo na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, ile DIT ya Lugogo, huku akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha 4, UCE. Wala wewe usijione fundi tayari: huruhusiwi kufunga umeme nyumbani kwa mtu bila kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme. Safari bado.

Ukiutaka udaktari, soma kwa bidii, na nyaya hazitakuharibia kitu. Hata hospitali ya Mulago hawapasui gizani. Usipoutaka, hilo nalo aambiwe, asiendelee kuwatangazia wateja ndoto ambayo mwenyewe huna.

Jumamosi hii nenda bandani ukiwa umevaa ovaroli yako, umsaidie kufungua robota, kisha umwambie. Usichelewe. Owino ina masikio mengi, na habari ya mtoto haifai mzazi aipate kwa jirani wa banda.