Kujiandikisha Si Kupata Nyumba: Somo kwa Wakaazi Kuhusu Nyumba za Bei Nafuu

Kila mara miradi ya nyumba za bei nafuu inapotajwa kwenye baraza, swali la kwanza huwa lile lile: nimejiandikisha kitambo, mbona sijaitwa? Huuliza mama mboga wa soko la Voi, mwendeshaji bodaboda wa Mwatate, mkulima wa Wundanyi na mwalimu wa Taveta anayekatwa pesa kwenye mshahara kila mwezi.

Jibu ni kwamba kujiandikisha ni hatua ya kwanza tu. Kati ya usajili na ufunguo wa nyumba kuna kuweka akiba, kuomba nyumba katika mradi maalum, kutoa malipo ya awali, na kuwa na kipato kinachoweza kulipia nyumba kila mwezi kwa miaka mingi. Asiyejua hatua hizi hukaa akingoja simu isiyopigwa, au huangukia mikononi mwa tapeli anayeahidi kumpitishia jina kwa malipo.

Somo hili linaeleza hatua hizo, mipaka ambayo sheria imeweka, na namna kikundi, ushirika au karakana ya jua kali inavyoweza kumsaidia mkaazi kuipata nyumba na kuishi ndani yake bila kushindwa.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na yanayofikika, pamoja na usafi wa mazingira wa kiwango kinachokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linagawa kazi: sera ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa, nayo mipango na maendeleo ya kaunti, ikiwemo nyumba, ni jukumu la serikali ya kaunti. Kwa hivyo barabara ya kufika mtaani, mitaro, mpango wa matumizi ya ardhi na idhini ya ujenzi ni mambo ambayo mkaazi ana haki ya kuyauliza katika ngazi ya kaunti.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini tarehe 19 Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kuamua mnamo Novemba 2023 kwamba ada iliyokuwa imewekwa kupitia Sheria ya Fedha ya 2023 ilikiuka Katiba. Sheria hiyo mpya ndiyo iliyounda Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, na pia inataka kila kaunti iwe na kamati yake ya nyumba.

Ada ya nyumba na akiba ya nyumba ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Anayelipwa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 450, mwajiri hutoa shilingi 450, na jumla ni shilingi 900 kwa mwezi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, ada hiyo huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa.

Pesa hizo huingia katika hazina ya kujenga nyumba. Si akiba ya mtu binafsi, na kukatwa kila mwezi hakumpi mfanyakazi nyumba. Akiba ni zile pesa ambazo mkaazi mwenyewe huweka kwa hiari kupitia mfumo wa Boma Yangu, kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake, akijiandaa kutoa malipo ya awali. Mwalimu anayekatwa ada kwa miaka miwili bila kuweka akiba bado hajaanza kujinunulia nyumba.

Nyumba hizi ni za nani

Sheria imepanga nyumba kulingana na mapato ya mwezi. Nyumba za kijamii zinalenga wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000. Nyumba za bei nafuu ni za wenye mapato kati ya shilingi 20,000 na 149,000. Wanaozidi hapo wana kundi lao la nyumba za tabaka la kati. Pia kuna nyumba za bei nafuu za mashambani, kwa maeneo yasiyo ya mijini.

Kwa hivyo mama anayeuza mboga na kupata shilingi 15,000 kwa mwezi asidhani mpango huu ni wa watu wa ofisini. Kundi lake limetajwa katika sheria. Anachohitaji kuuliza mradi unapotangazwa karibu naye ni hiki: kati ya nyumba zitakazojengwa, ngapi ni za kijamii?

Hatua tano kabla ya ufunguo

1. Jisajili katika Boma Yangu kupitia mtandao au kwa kupiga *832#. Uwe na kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika kituo cha Huduma.

2. Anza kuweka akiba mara moja. Usingoje mradi utangazwe.

3. Mradi ukitangazwa, omba nyumba ya aina inayolingana na mapato yako. Soma bei, kiwango cha malipo ya awali na kiasi cha kila mwezi kwenye tangazo la mradi wenyewe.

4. Ukipewa nyumba, toa malipo ya awali kupitia njia rasmi pekee. Weka stakabadhi zote pamoja.

5. Soma mkataba wote kabla ya kutia saini. Kama lugha yake ni ngumu, mwombe mtu unayemwamini akusomee. Angalia muda wa malipo, nani atalipia maji, taka na ulinzi, na nini kitatokea ukikosa kulipa.

Hesabu ya nyumbani

Tarehe 20 Mei 2025, wakaazi wa Mukuru jijini Nairobi walianza kukabidhiwa nyumba 1,080 za awamu ya kwanza. Nyumba ya chumba kimoja ilitangazwa kulipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi, na malipo hayo yanamfanya mpangaji awe mmiliki hatimaye. Kwa mwaka ni shilingi 46,800. Kwa siku ni shilingi 130.

Shilingi 130 kwa siku si pesa nyingi kwa mtu aliye kazini kila siku. Lakini kibarua wa mjengo hukosa kazi mvua ikinyesha, biashara ya mboga huzorota shule zikifunguliwa na wateja wakilipa karo, na pikipiki nayo huharibika. Kodi ya chumba cha mabati inaweza kuombewa siku kumi kwa mwenye nyumba. Mkataba wa miaka mingi hauombewi hivyo.

Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 1,000,000 inayohitaji malipo ya awali ya asilimia 10, yaani shilingi 100,000. Familia inayotaka kuzifikisha kwa miaka miwili itahitaji kuweka takriban shilingi 4,170 kila mwezi, huku ikiendelea kulipa kodi ya mahali inapoishi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kibaba hicho kiwe na mahali salama pa kukaa. Kukopa mkopo wa muda mfupi wa simu ili kutoa malipo ya awali ni hatari: mkopo wenyewe utadaiwa kabla ya familia kupata nafasi ya kutulia.

Kazi ya kikundi

Watu kumi wanaweza kusajili chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika. Ushirika wa nyumba huweka akiba za wanachama pamoja, hununua ardhi au hudhamini mikopo, na huwa na vitabu vinavyokaguliwa. Muungano wa kitaifa wa ushirika wa nyumba, NACHU, ulioanzishwa mwaka wa 1979, hufanya kazi hii.

Hata kikundi kidogo cha benki ya mezani kina faida kama kinaandika. Rekodi ya miezi 24 inayoonyesha kwamba mwanachama alilipa kila wiki, hata wiki ngumu, ni ushahidi wa uwezo wake ambao hana njia nyingine ya kuuonyesha kwa sababu hana hati ya mshahara. Kikundi kisichoandika kinapoteza ushahidi huo, na mara nyingi hupoteza urafiki pia.

Kwa mtaji wa biashara, ziko hazina za Uwezo, Wanawake na Vijana za serikali ya kitaifa, na Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Katika kaunti yetu, Hazina ya Datu Sawazisha ilianzishwa ili kukopesha makundi. Mikopo hii ni ya kukuza biashara. Biashara ikikua ndipo nyumba hulipika.

Nani atajenga, na pesa zitabaki wapi

Mradi wa nyumba ni pia mradi wa kazi. Unahitaji milango, madirisha, mchanga, mawe, chakula cha vibarua na ulinzi. Mkaazi akijiandaa mapema, sehemu ya pesa hizo hubaki hapa nyumbani.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Pia inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti itengewe wakaazi wa kaunti husika. Kikundi kinachotaka kunufaika na sehemu ya kwanza kinahitaji cheti cha AGPO, ambacho hakilipiwi. Angalau asilimia 70 ya wanachama lazima wawe wa kundi lengwa, na uongozi wote uwe wao.

Fundi binafsi naye afanye mtihani wa ufundi wa NITA na ajisajili na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Seremala mwenye ujuzi wa miaka 20 asiye na cheti anaweza kupitwa na mgeni mwenye karatasi.

Kwa nini huwezi kuuza upendavyo

Sheria inakataza anayenunua nyumba hizi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi. Wengine huona hilo kuwa kunyimwa haki. Historia ya mji wetu wa Voi inaeleza sababu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaazi wa kijiji cha Tanzania-Bondeni walikuwa wakiishi kwenye ardhi wasiyokuwa na hati yake. Mradi wa maendeleo ya miji midogo, uliotekelezwa na wizara ya serikali za mitaa ya wakati huo na shirika la Ujerumani la GTZ, ulipokuja kupima na kuboresha kijiji, wakaazi walikuwa na chaguo. Kila mmoja angepewa hati yake, au ardhi yote ingemilikiwa na jamii kwa pamoja kupitia dhamana ya ardhi, huku kila familia ikimiliki nyumba iliyoijenga juu yake.

Wakaazi walichagua dhamana ya ardhi ya jamii. Walijua yanayotokea mtaa wa maskini unapopata barabara, maji na hati: wenye pesa huja na bei ya kuvutia, familia yenye mgonjwa au karo huuza, na baada ya muda mfupi inajenga tena kibanda mahali pengine pasipo hati. Kwa kushikilia ardhi pamoja, walizuia mtu mmoja kuuza kwa shida ya siku moja kile ambacho watoto wake wangekihitaji maisha yao yote.

Mpango huo ulikuwa na gharama zake. Taratibu za kisheria zilichukua muda mrefu, na bila hati ya mtu binafsi ilikuwa vigumu kupata mkopo wa benki. Kila njia ya kulinda nyumba inambana mwenyewe kwa namna fulani, na ni vyema kuujua ubano huo kabla ya kutia saini.

Jihadhari

Usajili wa Boma Yangu hauhitaji wakala. Usimpe mtu nambari yako ya siri, wala usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Yeyote anayesema anaweza kukuruka foleni kwa malipo anauza kitu asichokuwa nacho. Ripoti kwa polisi, kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi.

Sauti yako katika bajeti

Nyumba bila maji, barabara na soko karibu hazikaliki. Mambo hayo huamuliwa katika mipango ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mikutano ya kukusanya maoni hufanyika kabla ya hapo. Kikundi kikija na ombi moja lililoandikwa, lenye jina la mtaa na tatizo lenyewe, ni rahisi kulifuatilia kuliko malalamiko ya jumla.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi chako

1. Ni wanachama wangapi wamejisajili Boma Yangu, na kati yao ni wangapi wana akiba ndani yake?

2. Kila mmoja wetu yuko katika kundi gani la mapato?

3. Tukipata mwezi mmoja bila kazi, nani ataweza kulipa shilingi 3,900, na kwa njia gani?

4. Vitabu vya kikundi chetu vinaweza kusomwa na mgeni akavielewa?

5. Ni fundi gani kati yetu ana ujuzi lakini hana cheti?

Kikundi kitakachojibu swali la tatu kwa ukweli kimepiga hatua kubwa kuliko kile chenye majina mengi kwenye orodha ya usajili.