Ndege Mgeni Uani: Anza na Mdomo Wake

Ndege usiyemjua akitua uani kwako, usikimbilie kitabu wala simu. Mtazame yeye kwanza, kwa sababu anaweza kuruka wakati wowote, ilhali kitabu hakiendi popote. Mimi huandika hapohapo kwenye daftari kila ninachokiona, kabla sijafungua ukurasa. Ukishaiona picha ya kitabuni, kumbukumbu huanza kuifuata picha na kumsahau ndege.

Wengi huanza na rangi. Mimi naanza na ukubwa, nikimlinganisha na ndege ninaowafahamu: shomoro, shore, njiwa, kunguru. Kisha mdomo. Mfupi na mnene ni wa mla mbegu. Mwembamba uliopinda ni wa chozi anayefyonza maji matamu ya maua. Wenye ncha iliyopinda kama ndoana ni wa mwindaji.

Chukua ndege mmoja anayewatatiza wengi hapa Nairobi. Hukaa peke yake juu ya waya au kwenye tawi la juu, mahali pa wazi. Juu ni mweusi, chini ni mweupe, mkia mrefu mwembamba. Ni mkubwa kidogo kuliko shore, na mdomo wake una ile ndoana. Hutulia akigeuza kichwa huku na huku, mara anashuka nyasini, anamdaka panzi, anarudi palepale. Akikupa mgongo utaona mistari miwili myeupe mabegani inayochora herufi V. Huyo ni mbwigu. Kitabuni mtafute kwa jina la kisayansi, Lanius collaris.

Kama una ua la kayaba au seng'enge, likague. Mbwigu huwachomeka panzi, na hata mijusi wadogo, kwenye miiba. Miguu yake haina nguvu ya kukamata nyama kama ya mwewe, hivyo mwiba humshikia windo naye akalirarua kwa mdomo. Ndege wa ukubwa ule kuwa na akili ya namna hiyo! Ukikuta panzi ametundikwa, umeshapata nusu ya jibu hata kama mwenyewe hayupo.

Jihadhari na mwenzake, Laniarius major, ambaye pia ni mweusi juu na mweupe chini. Yeye ana mstari mweupe kwenye bawa, hana V mgongoni, na kifua chake kina wekundu hafifu sana. Tena hapendi mahali pa wazi, hujificha vichakani. Dume na jike huitikiana kwa mpangilio wa karibu mno hata ukadhani anayeimba ni mmoja. Ndiyo maana naandika pia alikokaa na sauti niliyoisikia.

Rangi ikikataa kulingana na picha, fikiria jinsia na umri. Mbwigu jike ana rangi ya kutu ubavuni, na kinda lake ni la kijivu-kahawia lenye michirizi myembamba. Andika na tarehe: kati ya Oktoba na Aprili tunapata wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo mbwigu wa aina nyingine.

Sasa fungua kitabu. Changu ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka 2002, kinachohusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell nayo ni ya bure: inakuuliza mahali, tarehe, ukubwa, rangi na alichokuwa akifanya, kisha inakupa orodha fupi. Majibu yote yamo daftarini tayari.

Ukikwama bado, nenda kwenye matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Wasomee utakaowakuta huko ulichoandika, uanze na mdomo. Ukishalipata jina lake, mwandikishe kwenye mradi wa Kenya Bird Map, kwa kuwa ndege wa uani naye huhesabiwa.