YEYE SI MUNGU WAKO
Andiko la kusoma: Mwanzo 29:9–30, 30:1–2, 31:30–35



Ile asubuhi ya Lea sote twaijua. Bwana harusi anaamka, kumbe aliye kando yake siye yule aliyemfanyia kazi miaka 7! Pale Yakobo alidanganywa na Labani. Lakini iko asubuhi nyingine ambayo hatuihubiri sana: ya Yakobo na Raheli wenyewe. Hapo Labani hana kosa.

1. Tunapenda picha kabla ya kumjua mtu
Yakobo alimwona Raheli kisimani, akalivingirisha jiwe, akambusu, akalia. Miaka 7 ikawa kwake kama siku chache tu. Biblia haimlaumu, na sisi tusimlaumu. Lakini tunachoambiwa juu ya Raheli hapo ni uzuri wa uso na umbo. Hata leo ni hivyo. Dada anamwona ndugu akiongoza sifa, mikono juu, machozi yakitiririka, anasema moyoni, "Huyu ndiye." Hajamwona akiwa na njaa, akidaiwa kodi ya nyumba, wala akiongea na mamake. Wahenga walisema, ukipenda, chongo utaita kengeza.

2. Siku picha inapovunjika
Raheli alikosa mtoto. Akamwambia mumewe ampe wana, la sivyo atakufa. Yule Yakobo wa kisimani akawaka hasira, akamuuliza kama yeye yuko mahali pa Mungu. Hebu fikiria uchungu wa mama huyu! Mpendwa, jibu lile lilikuwa kali, lakini lilibeba ukweli. Raheli alimdai mume kitu ambacho ni Mungu tu hutoa. Mara nyingi moyo huvunjika hapo: tulimkalisha mtu kwenye kiti kisicho chake, naye akaanguka.
Na Yakobo je? Miaka 20 kwa Labani, na bado hakujua kwamba mkewe ameiba sanamu za babake na kuzificha katika matandiko ya ngamia. Akatamka kwamba atakayepatikana nazo asiishi. Hakujua anamtaja Raheli wake!

3. Mpende aliyeko
Raheli alipofariki njiani kwenda Efrathi, Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Hata uzeeni kule Misri bado alimtaja. Picha ilikuwa imevunjika zamani, pendo likabaki.

Wewe uliyevunjika moyo, kabla hujasema ulidanganywa, jiulize: nilimpenda yeye, au nilipenda picha yangu? Kasoro za kibinadamu zungumzeni, msameheane. Lakini kipigo si kasoro ya kuvumilia kimya. Ukipigwa, toka mahali pa hatari na utafute msaada mapema.

Nawe ambaye hujaoa au kuolewa, usiharakishe. Mwone akiwa amekasirika. Mwone akiwa hana kitu mfukoni. Mwone akiwa kwao.

Swali la vikundi vya nyumbani: Ni kitu gani unamdai mwenzako ambacho ni Mungu peke yake anaweza kukupa?

Tuombe: Baba, nisamehe kwa kumpa mwanadamu kiti chako. Ponya moyo wangu. Nifundishe kumpenda mtu jinsi alivyo, na kukuabudu wewe peke yako. Katika jina la Yesu, amina.