Dondoo Muhimu: Kuagiza Asumini Pangani
Katika mji mdogo kama Pangani, ambako maua huchumwa uani, inafaa mwagizaji aafikiane na mfungaji wa maua siku mbili kabla ya shughuli, akitaja idadi ya vikuba, yaani vishada vidogo vya asumini na rehani ambavyo wanawake hubandika nguoni au nyweleni. Maua huchumwa alasiri yangali matumba, yaani hayajachanua, kwa kuwa hufunguka jioni na kunyauka upesi. Hivyo yafungwe katika jani la mgomba lililonyunyiziwa maji, wala si katika plastiki, ambayo huyavundika. Iwapo mzigo unavuka mto kwenda Bweni, mwendesha bodaboda aelezwe mapema, maana pantoni huweza kumchelewesha.