Kusomea Ufundi Magari Ukiwa Gulwe

Kijana wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, anayependa kushika spana anaweza kuwa fundi mwenye cheti hata kama hakufaulu kidato cha nne na kwao hakuna fedha nyingi. Fuata hatua hizi.

Uanzie wapi? Nenda kwanza Mpwapwa mjini, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Chisalu. Vyuo vya aina hii vilianza mwaka 1975, viko 54 nchini, na vipo kwa ajili ya mwananchi wa kawaida. Fani hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo uliza kama ufundi magari unafundishwa mwaka huu. Kisha ulizia chuo cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kilichopo Dodoma mjini, ambako fani hiyo ipo. Ukishawishiwa kwenda chuo binafsi, hakikisha kwanza kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi.

Gharama ni kiasi gani? Ada ya VETA kwa kozi ndefu ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Usikimbilie kutwa kwa sababu ada yake ni ndogo. Anayetoka Gulwe atalazimika kupanga chumba Dodoma na kujilisha, na hapo bweni huwa nafuu zaidi. Tenga pia fedha za ovaroli, viatu vigumu, madaftari na nauli. Lipa kwa namba ya malipo utakayopewa na chuo. Usimkabidhi mtu fedha mkononi.

Uombe lini? Kozi ndefu huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla. Anza kuulizia Agosti, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na picha ndogo.

Utajifunza nini? Utafungua injini na kuifunga, utatengeneza klachi, gia boksi, breki na mfumo wa kupoza injini, na utafanya sevisi, yaani kubadilisha oili na vichujio kabla gari halijaharibika. Magari ya sasa yana kompyuta, kwa hiyo utajifunza pia kuyapima kwa mashine inayoonyesha hitilafu. Mafunzo yana ngazi tatu, na kila ngazi ina cheti chake.

Je, kama tayari unafanya kazi gereji? VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa vitendo, unaongezewa pale palipopungua, kisha unapewa cheti. Huna haja ya kuanza upya darasani.

Na binti aliyeacha shule kwa ujauzito? Vyuo vya maendeleo ya wananchi vina programu ya Elimu Haina Mwisho kwa ajili yake. Aulize pia kuhusu malezi ya mtoto wakati wa masomo. Gereji si ya wanaume peke yao.

Ukihitimu, mtaji utoke wapi? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya vijana. Unganeni wahitimu, msajili kikundi, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vyeti vyenu vitaonyesha kuwa kazi mnayoombea mkopo mnaijua.