Msituni London: Fanya Hivi, Vile Acha

Kila msafara una mtu anayefika na raba nyeupe. Haya nayaandikia yeye, na wenzake wanaouliza njiani, "Bado mbali?" kabla hatujalipoteza geti la stesheni machoni.

Wengi wetu tumekaa mji huu miaka kumi bila kujua kwamba treni ya kwendea kazini inafika msituni. Panda Central line, shuka Loughton au Theydon Bois, na Epping Forest haiko mbali: hekta zipatazo 2,400 za miti, vilima na mabwawa. Metropolitan line inakufikisha Chesham, kwenye vilima vya Chiltern, na kutoka hapo unaufuata mto Chess bondeni mpaka Rickmansworth, kama kilomita 16. Ukitaka kuuzunguka mji mzima kuna London LOOP, kilomita 240 hivi, imegawanywa vipande 24. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa gari sikipokei.

Usivae raba. Usivae jinzi. Udongo wa sehemu hizi ni mfinyanzi, na kuanzia Novemba hadi Machi unakushika mguu kama mdai. Vaa buti lenye meno, lililokwisha kuvaliwa nyumbani mara kadhaa. Buti jipya litakutoa malengelenge kabla ya saa sita. Jinzi ikilowa hailainiki wala haikauki, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mfupa. Koti la mvua linabebwa hata jua likiwaka. Hasa jua likiwaka.

Hesabu saa za mwanga kabla ya kutoka. Sisi tumezaliwa karibu na Ikweta. Jua letu linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, na saa zenyewe tumezipa majina kwa kulitazama. Mazoea hayo hapa yanakuponza. Katikati ya Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi alasiri. Juni, saa tatu usiku bado unaliona. Na chini ya miti giza halingoji jua lizame. Mwaka wangu wa kwanza nilianza safari saa saba mchana, mwezi wa Desemba, nikiwa na watu watano, chupa ya chai na tochi ya simu moja. Tulitoka msituni tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, na mmoja wao hajanisamehe hadi leo. Siku hizi anayechelewa anaachwa stesheni. Wanaoswali nao wapange mapema: mwezi huo adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne hivi, kwa hiyo tandika mkeka mahali pakavu kando ya njia na usiseme "tutaswali mbele".

Beba ramani ya karatasi. Simu kwenye baridi inamaliza chaji upesi. Ramani ya Ordnance Survey namba 174 ndiyo ya Epping na bonde la Lea. Sentimita nne ni kilomita moja. Namba ya dharura ni 999, nayo inapokea hata ujumbe mfupi, ila ni lazima ujisajili kabla kwa kutuma neno "register" kwenda namba hiyohiyo. Fanya leo ukiwa umekaa kwenye kochi.

Pita katikati ya shamba. Hapa ni malezi yetu mema yanayotukosesha. Mtoto aliyelelewa Lushoto au Kakamega anajua kwamba mimea ya mtu haikanyagwi. Sasa mfikishe kwenye ngano changa ya bonde la Chess: mshale wa njano unaelekeza moja kwa moja kati ya shamba, naye anazunguka pembezoni kwa adabu zake zote. Amekosea. Njia iliyoandikishwa kwenye ramani ya haki za kupita ni njia ya umma kisheria, kama barabara ya lami ilivyo ya umma. Mkulima akishailima ana siku 14 za kuirudisha, na ile ya waenda kwa miguu inayokata shamba haitakiwi kupungua upana wa mita moja. Huko pembezoni alikozunguka mstaarabu wetu ndiko asikokuwa na haki. Mshale wa njano ni wa miguu peke yake. Wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli, na kisheria mwenye baiskeli ndiye anayekupisha wewe. Ukikutana na mwenye shamba, msalimie na uendelee na safari. Usimwombe ruhusa ya kilicho chako, wala usimtandikie mkeka kwenye ngano yake, maana haki uliyonayo ni ya kupita.

Na haki hizo kuna waliozigombania. Katika karne ya kumi na nane Princess Amelia, binti wa mfalme, aliifungia watu Richmond Park. Mtengeneza pombe wa hapo, John Lewis, akaenda mahakamani, na mwaka 1758 akashinda. Akaulizwa anataka geti au ngazi ya kuvukia ukuta. Akachagua ngazi, kwa sababu geti linafungwa leo kwa ajili ya kulungu, kesho linasahauliwa kufunguliwa. Ngazi ikawekwa, vipandio vyake vimeachana makusudi. Akarudi kwa jaji, na jaji akaamuru visogezwe mpaka vikongwe na watoto waweze kupanda. Mtu wa namna hiyo angefaa sana kwenye mabaraza yetu ya ardhi.

Kulungu waangalie kwa mbali, mita 50 angalau. Septemba na Oktoba madume hupigana. Mei hadi Julai majike huwa na watoto. Hakuna selfi.

Usijifanye mfugaji. Yupo ndugu yetu, mtu wa Shinyanga, aliyetuambia kwamba amechunga ng'ombe tangu ana miaka sita, kisha akapita kati ya jike na ndama wake. Alichunga ng'ombe wa baba yake, hawa hawamjui. Ng'ombe huua watembeaji katika nchi hii. Zunguka mbali, usikimbie, na kama una mbwa wakakufuata, mwachie: wanamtaka yeye, naye ana mbio kuliko wewe.

Usiwashe moto. Najua kuhusu mishikaki. Najua pia kwamba Julai 2018 nyasi za Wanstead Flats, ambazo ni sehemu ya Epping Forest, ziliwaka mpaka wakaja wazima moto zaidi ya 200. Chapati, sambusa na chai ya tangawizi vinaliwa vizuri tu kutoka kwenye mfuko. Mifupa ya kuku unarudi nayo, usiwaachie mbwa wa watu.

Usikate tawi, usichume uyoga. Miti ya Epping yenye vichwa vinono na matawi kama vidole vya mkono haikuota hivyo. Kwa karne nyingi watu wa Loughton walikuwa na haki ya kukata matawi ya kuni wakati wa baridi, na wenye ardhi walipoanza kuuzungushia msitu ua, wakataji hao wakagoma kuiacha. Kuna waliofungwa jela kwa hilo mwaka 1866. Sheria ya 1878 iliuokoa msitu kwa ajili ya umma, na humohumo haki ya kukata ikakoma. Fidia yake ni jumba, Lopping Hall, ambalo bado limesimama Loughton. Bei ililipwa zamani, wewe huna tawi la kudai hapo.

Usinywe maji ya mto, hata yakiwa maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto. Mvua ikizidi, mabomba ya maji machafu hufunguliwa mitoni.

Salimia, lakini fupisha. Watu walewale wasiokutazama kwenye treni watakuambia habari za asubuhi njiani. Jibu. Usiendelee na habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Hawajazoea, watadhani unataka kuwauzia kitu.

Jikague ukifika nyumbani. Kupe wa huku anaweza kuwa mdogo kuliko mbegu ya ufuta, naye hujificha nyuma ya magoti, kwapani na kwenye kinena. Mng'oe kwa kibano, umshike karibu na ngozi na kumvuta polepole. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaotanuka kama duara, nenda kwa daktari na umtajie msitu uliotembelea. Daktari wa mjini huenda asifikirie kuuliza.